Kamera isimame wapi? Mwongozo kamili wa kujenga taharuki kwa pembe za kamera

Waongozaji wengi wanaoanza filamu za taharuki hukimbilia kupinda kamera. Wanaiinamisha, wanaiingiza chini ya kitanda, wanaikimbiza koridoni, kisha wanammwagia mtazamaji muziki mzito hadi masikio yaume. Mtazamaji naye, badala ya kuogopa, anabaki kuishangaa kamera. Pembe ya kamera haina kitisho chake yenyewe. Inagawa habari: mtazamaji aone nini, mhusika aone nini, na nani atangulie kujua. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye swali hilo, na zinawezekana hata kwa simu.

Tutafanya mazoezi kwa sini moja tu, yaani tukio moja la filamu linalotokea mahali pamoja. Ni usiku, katika nyumba ya kupanga ya Uswahilini: korido moja katikati, vyumba huku na huku, kila mlango una pazia, mbele baraza, nyuma uani. Rehema ameingia chumbani kwa Shabani, mpangaji mwenzake, kutafuta kitambulisho chake ambacho anaamini Shabani amekificha. Shabani aliaga kwamba atarudi saa nne. Anarudi saa tatu.

Nyumba ya aina hii nimeichagua kwa makusudi. Korido yake ni nyembamba, milango inatazamana, na pazia linaficha mwili wa mtu lakini linaacha miguu. Watu wanakodi majumba ya kifahari kwa ajili ya filamu za taharuki wakati lokesheni bora iko mtaani kwao.

Hatua ya 1: Andika nani anajua nini

Chukua karatasi, igawe safu tatu: Rehema, Shabani, mtazamaji. Kwa kila tukio la sini, andika nani tayari anajua na nani hajui. Kamera bado iko mfukoni.

Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili mwaka 1962 alipohojiwa na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut. Watu wamekaa mezani wanazungumza, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka amepata mshtuko wa sekunde 15. Kama alimwona mtu akiliweka, na anajua litalipuka saa ngapi, mazungumzo yaleyale yasiyo na maana yanampa dakika 15 za taharuki.

Kwa Rehema, basi, kuna njia mbili. Ukibaki naye chumbani mpaka Shabani anafunua pazia, umepata mshtuko. Ukitoka nje kidogo tukamwona Shabani akishuka kwenye bodaboda huku Rehema ndiyo kwanza anavuta droo, kila sekunde inayofuata ina uzito. Mwongozo huu unafuata njia ya pili.

Ipo na ya tatu, ngumu zaidi. Katika Rear Window, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1954, kamera inakaa karibu muda wote ndani ya fleti ya mpiga picha aliyevunjika mguu. Kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu anamwona mpenzi wake akipekua fleti ya mshukiwa upande wa pili wa uwanja, na anamwona mshukiwa akirudi. Anawaona wote wawili na hawezi kufanya lolote. Sisi tumefungwa naye palepale. Kwenye nyumba yetu nafasi hiyo angeweza kuichukua mtoto wa chumba cha mkabala, amelala kifudifudi sakafuni anaandika kazi za shule, anaona kila kinachopita koridoni. Kama una mwigizaji mtoto anayeweza kunyamaza mbele ya kamera, jaribu.

Hatua ya 2: Chora nyumba, kisha chora mstari

Chora ramani ya chumba na korido kama unaitazama kutoka juu. Weka Rehema mezani kushoto, mlango kulia, na korido nyuma ya mlango. Vuta mstari kutoka kwa Rehema hadi mlangoni. Huo ndio mstari wa digrii 180, na kamera yako inatakiwa kubaki upande mmoja wake.

Faida yake utaiona kwenye kuhariri. Rehema akisikiliza, anatazama kulia kwa skrini. Shabani akitembea koridoni, anakwenda kushoto kwa skrini. Ukizipachika shoti hizo (kila kipande kilichorekodiwa bila kukata) kwa kupokezana, mtazamaji anahisi watu wawili wanasogeleana ingawa hawajawahi kukaa kwenye fremu moja. Ukivuka mstari bila kujua, Shabani ataonekana anaondoka, na presha yote uliyoijenga inavuja.

Kuvuka kwa makusudi kunaruhusiwa, mara moja, pale ambapo mambo yanageuka. Sisi tutavuka Shabani akishafunua pazia: ghafla Rehema yuko kulia kwa fremu, mlango uko kushoto, na chumba alichokuwa anakijua kimemgeuka.

Hatua ya 3: Anza kwa utulivu

Shoti ya kwanza iwe ya kawaida kabisa. Kamera kwenye stendi, usawa wa macho, imetulia, inaangalia korido nzima kutoka upande wa baraza. Mtazamaji aone mambo matatu: mlango wa Shabani ni upi, mlango wa uani una kufuli, na njia pekee ya kutoka ni hapa tuliposimama. Iache sekunde 6 hadi 8. Utaona ni ndefu mno. Iache hivyohivyo, kwa sababu mtu asiyejua mlango uko wapi hawezi kuuhofia.

Kabla ya kubonyeza kitufe, rekebisha simu. Chagua fremu 25 kwa sekunde, na kama programu yako inaruhusu, weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi kwa mipangilio isiyoendana na umeme huo, baadhi ya taa za LED zitaleta mistari inayotambaa kwenye picha. Funga fokasi na mwanga pia, la sivyo simu itakuwa inang'arisha na kufifisha picha yenyewe kila mtu anapopita.

Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukimsogelea mtu nayo, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Kama simu yako ina lenzi halisi ya kuvuta karibu, rudi nyuma hatua mbili uitumie kwa nyuso. Sehemu kubwa ya Psycho, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1960, ilipigwa kwa lenzi ya milimita 50, ambayo inakaribia namna jicho linavyoona. Picha isiyojionyesha humfanya mtazamaji asahau kwamba kuna kamera, na akisahau ndipo unapompata.

Hatua ya 4: Ficha kipande cha picha

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina gharama.

Katika Rosemary's Baby ya mwaka 1968 kuna shoti ya jirani mwanamke anayepiga simu chumbani. Mpiga picha William Fraker alimweka vizuri katikati ya mlango, anaonekana sawasawa. Mwongozaji Roman Polanski akamtaka aisogeze kamera mpaka mwimo wa mlango umfiche, ibaki kuonekana sehemu tu ya mwili wake. Fraker hakuelewa kwa nini. Alielewa baadaye ndani ya ukumbi wa sinema, alipoona watu wakiinamisha vichwa kulia ili wachungulie nyuma ya mlango uliokuwa kwenye skrini.

Sasa chumbani kwa Shabani. Weka kamera kwenye kona, urefu wa kiuno. Rehema yuko kushoto, amewapa mgongo watazamaji, anapekua droo. Theluthi ya kulia ya fremu ni pazia la mlango na utepe wa mwanga wa korido chini yake. Hapo hapana kitu. Usikate. Muache Rehema apekue, asome karatasi, aweke chini, achukue nyingine. Macho ya watazamaji yataanza kwenda kulia yenyewe, kwa sababu umewaachia nafasi tupu na wao wanajua Shabani ameshashuka kwenye bodaboda.

Kisha miguu miwili inatokea chini ya pazia na kusimama.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakata haraka kwenda kwenye shoti ya karibu ya miguu, kama vile mtazamaji ni kipofu. Atakayeiona mwenyewe kwenye pembe ya skrini, wakati Rehema hajaiona, atashika mkono wa jirani yake. Asiyeiona ataiona sekunde mbili baadaye na kujilaumu. Wote umewapata.

Ndugu Joel na Ethan Coen, pamoja na mpiga picha Roger Deakins, walifanya kitu cha jamii hiyo kwenye No Country for Old Men ya mwaka 2007. Mtu amekaa gizani kwenye chumba cha hoteli, anatazama utepe wa mwanga chini ya mlango. Vivuli vya miguu vinasimama pale, vinaondoka. Halafu taa ya korido inazimika. Muuaji haonekani hata uso.

Kuhusu utekelezaji: taa ya korido iwe nyuma ya Shabani na iwe chini, karibu na sakafu, ili kivuli cha miguu kirefuke kuingia chumbani. Taa ya chumba iwe hafifu kuliko ya korido. Pazia liwe zito. La lesi litamwonyesha mtu mzima. Zima feni wakati wa kurekodi, kwa ajili ya sauti na kwa ajili ya pazia, maana pazia linalopepea muda wote linamzoesha mtazamaji na utakuwa umepoteza mtikisiko mmoja ambao ungekufaa.

Hatua ya 5: Ingia kwenye macho ya mhusika

Msingi wake ni shoti tatu: Rehema anatazama, kile anachokitazama, Rehema tena. Shoti ya katikati lazima ipigwe kutoka pale aliposimama na kwa urefu wa macho yake. Amechuchumaa? Kamera ichuchumae. Ukiipiga ya katikati kutoka mahali pengine, mtazamaji hatajua tatizo ni nini lakini atatoka kwenye kichwa cha Rehema.

Jambo la pili ni macho ya mwigizaji yako umbali gani na lenzi. Jonathan Demme na mpiga picha wake Tak Fujimoto walilitumia kwa ustadi kwenye The Silence of the Lambs ya mwaka 1991. Wanaume wanaozungumza na mpelelezi kijana Clarice Starling mara nyingi wanaitazama lenzi moja kwa moja. Yeye anatazama pembeni kidogo ya lenzi. Matokeo yake, uzito wa macho yao unatuangukia sisi kama unavyomwangukia yeye. Kuelekea mwisho wanaupindua mpango wote: gizani kwenye chumba cha chini ya nyumba, tunamwona Clarice kupitia miwani ya muuaji ya kuonea usiku. Anapapasa hewa, na mkono wa muuaji unanyooka karibu kabisa na nywele zake.

Kwenye sini yetu, hifadhi lenzi kwa ajili ya Shabani, na kwa wakati mmoja tu. Anafunua pazia, anaitazama lenzi, anasema kwa upole: "Dada Rehema. Umepotea chumba?" Upole huo usiuguse. Mtu anayefoka anatuambia kiasi cha hasira yake. Anayekuita dada huku anakukazia macho hatujui amebeba nini.

Onyo moja. Kamera inayochungulia kutoka nyuma ya pazia au ya mlango, ikitikisika kidogo kama inapumua, inamwambia mtazamaji kwamba pale pana mtu. Kama hakuna mtu, umemdanganya. Filamu nyingi za taharuki hufanya hivi kila dakika kumi, na kufikia nusu ya filamu hakuna anayeamini tena.

Hatua ya 6: Juu na chini

Kila kozi ya filamu inafundisha kwamba ukimpiga mtu kutoka juu anakuwa mnyonge na ukimpiga kutoka chini anakuwa mbabe. Ni kweli nusu. Nusu nyingine, ambayo kwa taharuki ndiyo muhimu, ni kwamba urefu wa kamera unaficha vitu.

Turudi kwenye Psycho, mpelelezi Arbogast anapopanda ngazi. Mtu anatoka chumbani kumvamia, na kamera tayari iko darini, inawatazama wima kutoka juu. Hitchcock alitoa sababu mbili. Kwanza, alitaka kuficha uso wa mvamizi bila mtazamaji kuhisi anafichwa kitu. Pili, alitaka tofauti ya ukubwa: watu wadogo kama wadudu, halafu ghafla uso mkubwa wa Arbogast umejaa skrini. Kuruka huko kutoka kidogo hadi kikubwa ndiko kunakogonga.

Wewe huna winchi. Lakini nyumba nyingi za zamani hazina dari, na kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Hapo juu ya ukuta, kati ya chumba na korido, ndipo pa kuweka simu. Shoti moja itamwonyesha Rehema upande wa kushoto akipekua, Shabani upande wa kulia amesimama kimya, na kati yao unene wa tofali moja. Hakuna shoti nyingine itakayosema kwa wakati mmoja nani anajua na nani hajui. Ifunge simu kwa kamba kwenye boriti, mtu ashike ngazi, na usiruhusu mwigizaji asimame chini yake kabla hujaijaribu.

Kwa upande wa chini, laza kamera sakafuni koridoni, usawa wa ndala. Miguu ya Shabani inapita karibu na lenzi, ikielekea kushoto. Hapa kamera ya chini haimfanyi mbabe. Inatunyima uso wake. Kwa hiyo usiipandishe kumfuata mpaka usoni. Ukimwonyesha uso sasa, ile shoti ya pazia haitakuwa na cha kufunua.

Hatua ya 7: Mshazari, kidogo sana

Fremu iliyoinamishwa ilipata sifa kubwa kwenye The Third Man ya mwaka 1949, iliyopigwa Vienna baada ya vita. Carol Reed aliiongoza, na Robert Krasker akapata Oscar kwa upigaji picha wake. Inasimuliwa kwamba mwongozaji William Wyler alipoiona alimpelekea Reed pimamaji, aiweke juu ya kamera yake siku nyingine. Pale ilifaa kwa sababu mji mzima ulikuwa umevunjika na hakuna aliyekuwa mkweli.

Mimi kwenye sini yetu ningeiacha. Kama roho inakusukuma, inamisha digrii 5, kwa shoti moja, baada ya Shabani kusema neno lake.

Hatua ya 8: Sogea polepole, na ujue kwa nini

Utashawishika kuiga ile shoti ambayo kamera inakwenda mbele huku zumu ya lenzi (kuvuta picha karibu au mbali) ikiirudisha picha nyuma, ukuta unatanuka na mtu habadiliki ukubwa. Ilitumika kwenye Vertigo ya mwaka 1958, na kwenye Jaws ya mwaka 1975 pale mkuu wa polisi anapokuwa ufukweni. Inahitaji zumu ya lenzi halisi na reli. Kwa zumu ya kidijitali ya simu picha inachakaa.

Kinachowezekana ni msogeo wa taratibu. Korido za saruji iliyosuguliwa ni laini. Kunja blanketi, mpiga picha akae juu yake ameshika simu kwa mikono miwili karibu na kifua, watu wawili wamvute. Nusu mita kwa sekunde 15 inatosha. Msogeo uanze baada ya habari kumfikia Rehema, yaani baada ya kuona kivuli sakafuni mwake. Yeye ameganda, kamera ndiyo inayokwenda. Mtu akitembea na kamera ikatembea pamoja naye, hakuna anayehisi msogeo.

Hatua ya 9: Panga shoti zako

Sini nzima inaweza kukaa kwenye shoti 9:

1. Korido nzima, usawa wa macho, kamera imetulia.
2. Rehema mezani, kutoka kona ya chumba, pazia kulia.
3. Nje, kutoka mbali: bodaboda inasimama, Shabani analipa. Fupi.
4. Kama ya 2, ndefu sasa. Nafasi tupu chini ya pazia.
5. Sakafuni koridoni: ndala zinapita kuelekea kushoto.
6. Kutoka juu ya ukuta: wote wawili.
7. Kama ya 2 tena: miguu chini ya pazia. Kivuli kinaingia. Rehema anakiona.
8. Uso wa Rehema, msogeo wa taratibu.
9. Mstari umevukwa. Pazia linafunuliwa, Shabani kwenye lenzi.

Usizishuti kwa mfuatano huo. Shoti 2, 4 na 7 ni kamera moja mahali pamoja, kwa hiyo zipige mfululizo bila kugusa stendi. Koridoni piga 1 na 5 pamoja. Ya 6 iache mwisho kwa sababu ya ngazi. Shoti ya uso wa Rehema ndiyo pekee ya karibu sana. Ukianza kumpiga karibu tangu shoti ya 2, utakapofika ya 8 hutakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 10: Hariri bila sauti

Panga shoti zako, zima sauti, tazama. Kama sini inakubana bila muziki, muziki utaisaidia. Kama imelala, muziki hautaifufua, na tatizo mara nyingi ni urefu wa shoti ya 4. Irefushe sekunde mbili, tazama tena, irefushe nyingine mbili, mpaka ufike mahali unaposhindwa kuvumilia. Rudi nyuma sekunde moja, kata hapo.

Halafu mwite mtu ambaye hajasoma skripti. Usitazame skrini, mtazame yeye. Macho yake yakienda kulia kabla miguu haijatokea, shoti ya 4 imefanya kazi. Sini ikiisha muulize maswali mawili: Rehema angetokea wapi, na Shabani alijua saa ngapi kwamba kuna mtu chumbani kwake? Akishindwa swali la kwanza, refusha shoti ya 1. Akishindwa la pili, itoe shoti ya 6 ilipo na uipachike baada ya miguu kusimama, aone Shabani akisikiliza.